Msumari wa Thelathini na Nne

Kituo chenyewe kiliishi miaka saba tu, umri ambao mtoto bado anang'oka meno. Hakikuwa na jengo la maana. Kulikuwa na jukwaa la mbao lenye urefu wa mabehewa mawili, benchi moja, paa la bati juu ya benchi, na kibanda cha tiketi ambacho ukinyoosha mikono ndani yake unagusa kuta zote mbili. Nyuma ya kibanda msitu ulianza moja kwa moja, bila hata uzio. Ng'ambo ya reli, hatua ishirini tu, ilikuwa nyumba ya mfanyakazi wa reli, na humo ndimo alimokaa mwanamke ambaye wasafiri walikuja kumwita Mama Vibati.

Njia ile ilijengwa kwa ajili ya magogo. Magogo yalipokwisha, wakubwa wa reli wakajikuta na njia isiyo na mzigo, na mmoja wao akawaza kwamba watu wa mjini wangependa kutembea chini ya miti iliyobaki. Kwa mara moja katika maisha yao wakubwa hao walipatia. Kila Jumamosi na Jumapili treni iliondoka mjini mapema, ikafika kituoni saa nne asubuhi, ikashusha watu wenye vikapu na viatu visivyofaa kwa kutembea popote, ikaendelea hadi mwisho wa njia, kisha ikarudi kuwachukua saa kumi na moja jioni. Wakatafuta mtu wa kusimamia kituo kwa siku hizo mbili. Mume wa Mama Vibati alikuwa fundi wa njia, kazi yake kukaza boliti na kubadilisha mataruma yaliyooza, na kwa kuwa nyumba yao ilikuwa pale pale, kazi ikamwangukia mke. Akapewa kofia, filimbi na bendera mbili, ya kijani na nyekundu. Kofia ilikuwa kubwa, akaijaza gazeti ili isimfunike macho, na hakumruhusu mtu kuicheka.

Vibati lilikuwa wazo lake mwenyewe, wala hakuna mkubwa aliyemfundisha. Mwezi wa kwanza walimu wawili walichelewa msituni, treni ikawaacha, wakatokeza kesho yake asubuhi wamejaa miiba na hasira, na maneno waliyomwambia hayasemeki mbele ya watoto. Kuhesabu vichwa hakukusaidia kitu. Wapo waliokuja kwa treni wakarudi kwa miguu kupitia upande wa barabara, na wapo waliokuja kwa baiskeli wakachoka wakarudi kwa treni, kwa hiyo hesabu ya asubuhi na ya jioni hazikupatana hata siku moja. Akamwambia mumewe amkatie vipande sitini vya bati, duara, vya kutosha kiganjani. Mume akakata debe la mafuta ya taa lililokuwa na rangi ya bluu, akatoboa namba kwa msumari, moja mpaka sitini, na tundu la kupitishia kamba. Kisha akapigilia misumari sitini kwenye ubao na kuutundika kibandani.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Anayeingia msituni anachukua kibati chake, na anayetoka anakirudisha, awe anapanda treni au anakwenda zake kwa miguu. Misumari ikijaa yote, msitu uko mtupu, na Mama Vibati anainua bendera ya kijani. Ukibaki mtupu hata mmoja, anashika nyekundu, na dereva atamaliza maneno yake yote bila kupata pa kwenda. Wageni waliupenda utaratibu huo kuliko hata miti. Waliwavisha watoto vibati shingoni, wakapiga picha navyo, wakabishana nani apewe namba saba.

Kasoro ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya watu, haikuwa ya bati. Watu walisahau. Mtu amekaa behewani ananing'iniza miguu, kibati kiko mfukoni, naye Mama Vibati anazunguka jukwaani akiita namba mpaka sauti inakauka. Treni ikachelewa dakika kumi, ikachelewa ishirini, siku moja ikachelewa karibu saa nzima kwa sababu ya bwana mmoja aliyekuwa amelala. Barua zikaanza kuja kutoka stesheni kubwa. Ya kwanza ilisema treni ya abiria haingoji kipande cha kopo. Ya pili ilisema hivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi. Ya tatu ilisema kwamba treni ikichelewa tena, kituo kitafungwa na nyumba itarudishwa.

Hapo ndipo walipokosea, yeye na mumewe, wakiwa wamekaa jikoni na barua ya tatu mezani kati yao.

"Wanaosahau huwa wamo ndani ya treni," mume alisema. "Siku zote wamo. Sasa tunamngoja nani?"

"Nami nifanye nini? Niutazame msumari mtupu nipeperushe kijani?"

"Usiutazame ukiwa mtupu. Uujaze."

Akamtengenezea vibati vya akiba, akavikata kwenye makopo meupe ya maziwa kwa kuwa debe la bluu lilikuwa limekwisha. Mama Vibati alivitia kwenye mfuko wa aproni. Namba ikikosekana aliiita mara tatu kuelekea msituni na mara tatu kuelekea kwenye mabehewa, na asipoitikiwa alitundika cheupe mahali pa cha bluu, ubao ukajaa, roho ikatulia, treni ikaondoka. Alifanya hivyo mara kumi na moja. Mara zote kumi na moja alikuwa sahihi, na baadhi ya wasahaulifu walimrudishia vibati kwa posta pamoja na barua za kuomba radhi. Barua za wakubwa zikakoma.

Mara ya kumi na mbili ndiyo iliyomponza.

Ilikuwa Jumamosi, mwaka wa tano wa kituo, kipindi cha mvua. Watu hamsini na wawili walishuka asubuhi. Wa mwisho kufika dirishani alikuwa mwanamume mwembamba aliyevaa koti refu la mvua, peke yake, bila kikapu. Alipewa thelathini na nne. Badala ya kukitia mfukoni alikaa kwenye benchi, akatoa kamba ya kiatu, akakifunga kibati kwenye tundu la kifungo cha koti, akakivuta mara mbili kuhakikisha. Mama Vibati akamcheka.

"Baba, hicho hakitakutoroka."

"Mimi ndiye ninayepotea," yule mtu alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu asiyezoea kujibiwa. "Nikichelewa itakuwaje?"

"Utatukuta. Treni haitoki hapa mpaka msumari wako ujae."

Yule mtu akaitikia kwa kichwa, kwa uzito, kama aliyepewa risiti. Akashika njia ya kushoto, ile inayokwenda bondeni, na koti lake lilionekana kati ya miti kwa muda mrefu.

Saa kumi na moja jioni mvua ilikuwa inamwagika hasa. Watu walitoka msituni mbio, wakamtupia vibati dirishani bila kusema, wakapanda. Vilikuwa hamsini na kimoja. Akatoka mvuani, akaita thelathini na nne kuelekea msituni mara tatu, akajibiwa na maji kwenye majani. Akageukia mabehewa akaita mara tatu. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa mvua, na waliomsikia walianza kunung'unika.

"Mama, vipi?" gadi aliuliza kutoka kwenye ngazi ya behewa lake. "Watu wameloa chapachapa hapa."

"Kuna mmoja. Wa koti refu la mvua."

Abiria mmoja, mwanamke aliyebeba mtoto, akachungulia dirishani. "Mwenye koti refu kapanda behewa la mbele. Nimemwona kwa macho yangu."

Basi. Mama Vibati alitia mkono kwenye aproni, akatoa cheupe, akakitundika. Ubao ukajaa. Akainua kijani, treni ikajikongoja, na behewa la mbele likapita mbele ya uso wake polepole kwa kuwa lilikuwa linaanza mwendo. Akaliona koti refu la mvua dirishani. Ndani yake alikuwemo mzee mnene mwenye ndevu, anamenya chungwa.

Alipuliza filimbi mpaka ikamchana mdomo. Kwa mvua ile nani angeisikia?

Yeye na mumewe waliingia msituni saa ile ile na kutembea njia ya bondeni wakiita mpaka macho hayakuona tena. Kesho yake waliita tena, na wiki mbili zilizofuata mume alikuwa akitoka kukaza boliti anapinda kwenda bondeni kabla ya kurudi kwao. Kijito cha chini kilikuwa kimefurika na kubadilisha mkondo. Hawakuona koti wala kiatu. Jumamosi iliyofuata alimuuliza gadi, akijitia kuuliza tu, kama kuna mtu yeyote aliyepotelewa na ndugu.

"Hakuna aliyeuliza," gadi alisema. "Kwa nini?"

Akamwambia hakuna kitu. Hapo napo ndipo pengine palipo dhambi yenyewe, maana kukosea ni jambo moja na kunyamaza ni jambo jingine. Mumewe alikuwa amemwambia jikoni kwamba wakisema, itabidi waseme pia nani aliyeujaza msumari, na nyumba itakwenda na binti yao ndiyo kwanza ameanza shule. Akakubali. Walingoja mke wa mtu aje, mama wa mtu, mwajiri wa mtu. Angekuja hata mmoja, wangesema kila kitu. Mwaka ukaisha bila mtu yeyote kumuulizia yule bwana, na hilo lilimtesa Mama Vibati kuliko ambavyo kilio cha mjane kingemtesa. Yule bwana alikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyemwahidi kumngoja, naye ni Mama Vibati.

Hatua alianza kuzisikia Jumamosi ya tatu. Treni ilikuwa imekwisha kupinda kona, jukwaa tupu, jua bado lipo. Akiwa anafunga kibanda akasikia mtu anakuja mbio juu ya kokoto kutoka upande wa msitu, mbio za mtu aliyechelewa, mguu mmoja mzito kuliko mwingine. Hatua zikapanda jukwaani, ubao ukalia, zikasimama ukingoni. Kisha kimya. Akafungua mlango na kutazama, na hakukuwa na mtu. Lakini benchi, ambalo aliliacha kavu, lilikuwa na alama ya maji upande wa kushoto, ukubwa wa mtu mmoja aliyeketi na koti bichi.

Hakupiga kelele. Alisimama pale mpaka alama ikakauka, kisha akaenda kupika.

Tangu siku hiyo hakutumia tena kibati cha akiba, ila kile kimoja kilichokwisha kutundikwa, maana wageni hawangeelewa namba iliyorukwa. Thelathini na nne nyeupe ikaendelea kutoka na kurudi shingoni mwa watu wasiojua wamevaa nini. Kisha mwaka wa mwisho wa kituo nayo ikaenda na mtu mfukoni, katikati ya kundi kubwa la familia, na haikurudi. Mume akauliza amkatie nyingine. Akasema hapana. Msumari ukabaki mtupu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu ubao ule ulisema kweli.

Mwaka wa saba barabara ikawekwa lami, watu wa mjini wakapata mabasi, na kituo kikafungwa kwa barua ya mistari miwili. Baadaye reli ziling'olewa. Nyumba, ambayo waliisaliti nafsi yao kwa ajili yake, waliachiwa bure kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Kibanda kilioza, jukwaa likabaki nusu. Mume akafa akiwa na umri mzuri, kitandani mwake, na siku mbili kabla alisema neno moja tu juu ya jambo lile. Alisema, "Tungengoja." Ubao wa misumari Mama Vibati aliuhamishia jikoni, ukutani juu ya meza, na vibati hamsini na tisa vikawa kelele yake ya asubuhi upepo ukiingia dirishani.

Kila Jumamosi na Jumapili, ilipokaribia saa kumi na moja, alivaa kofia, akachukua bendera nyekundu, akavuka mahali reli ilipokuwa, akasimama kwenye nusu ya jukwaa iliyobaki. Nyekundu maana yake dereva asubiri. Alisimama nusu saa. Siku nyingine hatua zilikuja, nyingine hazikuja, na zilipokuja hakugeuka kutazama, kwa adabu. Kisha akarudi nyumbani.

Binti yake, fundi cherehani mwenye duka lake mjini, alikuwa na mengi ya kusema kuhusu hilo. Miguu ya mama ilikuwa imevimba, ngazi za jukwaa zilikuwa zimeoza, na chumba alichomwandalia mjini, chenye dirisha na kitanda kipya, kilikuwa mwaka wa tatu kinangoja.

"Mama, unamngoja nani na reli hakuna?"

"Kuna mtu hakurudisha kibati. Thelathini na nne."

"Alikwenda nacho nyumbani kwake. Watu wanafanya hivyo."

"Kirudi basi. Siku kikirudi, mizigo nitafunga mwenyewe."

Habari za kopo na bluu na nyeupe binti hakuwahi kuambiwa. Zilikuwa za wawili, na mmoja alikwisha kufa nazo.

Sasa binti huyo hana dogo. Ahadi aliyopewa aliibeba mpaka dukani, akawa anawasimulia wateja wakati anawapima viuno, akiitia chumvi kidogo ili wacheke. Hivyo ndivyo siku moja mteja mmoja, mwalimu mwenye miwani, alivyoacha kucheka na kusema kwamba marehemu baba yake alikuwa na kitu kama hicho kwenye sanduku la zana.

Walikuja Jumamosi, saa tisa alasiri, kwa gari la mwalimu. Binti aliingia wa kwanza akiwa hajui mikono aiweke wapi.

"Mama, kaa chini. Kaa kwanza."

"Nimekaa tangu asubuhi. Nani huyo?"

"Shikamoo, mama," mwalimu alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mwalimu alifungua mkoba, akakunjua kitambaa, akaweka mezani duara la bati lililoota kutu. Matundu ya msumari yalisomeka vizuri. Thelathini na nne. Mama Vibati aliyagusa kwa kidole, moja moja. Miaka thelathini na zaidi. Mtu alikwenda nyumbani. Mtu alikuwa na nyumba, na sanduku la zana, na binti wa kuvaa miwani. Alihisi machozi yanakuja na hakuyazuia.

"Baba aliona aibu kukirudisha," mwalimu alisema. "Alikuwa akisema mama mwenye kofia kubwa atamgombeza. Nakumbuka siku hiyo. Tulikuja familia nzima, jua kali, nami ndiye niliyekivaa shingoni."

Kidole cha Mama Vibati kikasimama. Familia nzima. Jua kali. Akakigeuza kibati, akakwangua kutu kwa ukucha ukingoni, polepole, akitumaini kwa kila mkwaruzo. Chini ya kutu kulikuwa na bati jeupe, na kona ya herufi ya kopo la maziwa.

Akanyanyua macho. Binti yake alikuwa anamtazama, uso wote umefunguka, uso ule ule aliokuwa nao siku ya kwanza ya shule.

"Ndicho chenyewe, Mama?"

Ilikuwa vigumu kusema vingine. Watu wawili wamesafiri, mmoja amemleta baba yake ndani ya kitambaa, mwingine amengoja miaka mitatu. Gadi kwenye ngazi alikuwa mwepesi kumkatalia kuliko hao.

"Ndicho," Mama Vibati alisema.

Akainuka, akakitundika msumarini. Ubao ukajaa. Mwalimu akapiga makofi kidogo, binti akalia kwa furaha, akaingia chumbani kuvuta masanduku kutoka chini ya kitanda, na mwalimu akamfuata kumsaidia kukunja nguo. Mama Vibati aliwasikia wakicheka juu ya gauni fulani la zamani. Alikaa kwenye kiti mbele ya ubao, mikono mapajani. Ulikuwa mzuri kuutazama, vibati sitini vyote mahali pake, na akajiambia kwamba kule mjini kuna dirisha, kwamba miguu inauma, kwamba mumewe alikwisha tangulia na hakuna wa kumdai. Saa ya ukutani ilisema kumi na moja kasoro dakika tano.

Hatua zilianza mbali kuliko kawaida. Kokoto zilikuwa zimekwisha kuzolewa zamani pamoja na reli, lakini alizisikia kokoto. Mguu mmoja mzito kuliko mwingine, mbio, mtu anayejua amechelewa na anayejua pia kwamba aliambiwa atangojwa.

Alisimama mbele ya ubao. Aliwahi kusimama hivi hivi mara moja, watu wamechoka, mwanamke mwema amemhakikishia, kibati cheupe mkononi. Akakishika kibati, akakitoa msumarini, akakirudisha juu ya kitambaa cha mwalimu na kukifunika vizuri, kwa kuwa nacho kilikuwa cha mtu.

Binti alitoka chumbani na sanduku mkononi, akamkuta mama yake mlangoni, amevaa kofia, bendera nyekundu kwapani.

"Mama, unakwenda wapi? Si kimerudi?"

"Hakijarudi, mwanangu. Ulikuwa uongo wangu mimi, na nikirudi nitakueleza wote tangu mwanzo," alisema, akishikilia fremu ya mlango ashushe mguu. "Sasa niache niwahi. Kuna mtu nilimwambia hatutoki."